Petroli ya Leo, Gari la 1967

Ukinunua gari la misuli la miaka ya 1960 hapa Marekani, liwe Pontiac GTO, Chevelle au Charger, jiandae kusikia ushauri uleule kutoka kwa kila mtu: badilisha kabureta. Gari linakata moto njiani, kabureta. Asubuhi haliwaki, kabureta. Linatoa moshi mweusi, kabureta tena. Si ajabu. Kabureta iko juu ya injini, inaonekana, na mpya dukani inang'aa kama sufuria ya harusi. Lakini kwenye gari lililotoka kununuliwa juzi, tena lililolala gerejini miaka, kabureta mara nyingi ndiyo inayoumia mwisho. Ugonjwa umeanzia nyuma kabisa, kwenye tangi, na nyuma ya tangi kuna historia ya petroli yenyewe.

Nichukue GTO ya 1967, kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu vizuri. GTO ya kwanza ilitoka kwa mwaka wa modeli wa 1964, pale John DeLorean na wenzake wa Pontiac walipochukua V8 kubwa ya inchi 389 za ujazo, yaani lita 6.4, wakaipachika kwenye gari la ukubwa wa kati. Kufikia 1967 injini ilikuwa imefika inchi 400. Zile kabureta tatu zilizopangwa mstari mmoja zilikuwa zimeondoka, kwa sababu GM, kampuni mama ya Pontiac, ilipiga marufuku kabureta zaidi ya moja kwenye magari yake, isipokuwa machache kama Corvette. Nafasi yake ikachukuliwa na Rochester Quadrajet moja yenye koo nne, mbili ndogo mbele na mbili kubwa nyuma. Mgandamizo wa injini ya kawaida ya gari hilo ulikuwa 10.75 kwa 1. Hiyo ni namba kubwa, na haikuwekwa hivihivi. Iliwekwa kwa sababu petroli ya siku zile iliweza kuibeba.

Petroli ile ilikuwa na madini ya risasi. Mwaka 1921 Thomas Midgley, kwenye maabara za GM, aligundua kwamba kiasi kidogo cha risasi huzuia injini kugonga, na kwa miongo kadhaa dunia nzima ikaitia kwenye petroli. Ikapandisha oktani, ikalinda na viti vya valvu, huku ikiwatia watu sumu. Marekani ilianza kuipunguza miaka ya 1970, na kuanzia 1996 ikapigwa marufuku kabisa kwa magari ya barabarani. Kwetu, nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo waliowahi kuendesha Peugeot 504 ya zamani huko nyumbani wameitumia, wajue wasijue.

Badiliko la pili ndilo linalowasumbua wenye magari haya zaidi, nalo ni ethanoli, kileo cha mimea. Sheria ya hewa safi ya 1990 ilitaka petroli ya miji yenye moshi mwingi iongezewe oksijeni. Kampuni nyingi za mafuta zilichagua kemikali iitwayo MTBE, mpaka ilipoonekana inavuja na kuingia kwenye maji ya ardhini. California na New York zikaizuia 2004, sheria ya nishati ya 2005 ikalazimisha nishati ya mimea, na leo karibu petroli yote inayouzwa hapa ina hadi asilimia 10 ya ethanoli. Waliobuni mipira na floti za 1967 hawakuwa na habari ya kileo hicho.

Sasa hebu tazama kinachotokea siku ya kununua. Muuzaji ametia petroli kidogo tu, galoni mbili tatu, kwenye tangi lililokaa karibu tupu miaka mingi. Ndani ya tangi hilo petroli ya zamani imekauka ikawa gundi ya kahawia iliyoganda kwenye kuta, na sehemu ya juu, isiyofikiwa na mafuta, imeshika kutu. Gari linawaka, linanguruma, unalipa. Ukifika kituo cha mafuta unajaza tangi kwa furaha. Petroli mpya inapanda hadi kule kwenye kutu, inasukwasukwa kila unapopiga kona, na ethanoli iliyomo, ambayo ni kiyeyushi kizuri, inaanza kuilegeza ile gundi. Wiki moja baadaye gari linakosa nguvu kwenye mwendo wa barabara kuu, na mnunuzi anaamini ametapeliwa. Pengine hakutapeliwa. Alichofanya ni kuliosha tangi bila kujua, na uchafu wote umeelekea mbele.

Ndiyo maana mimi huanza nyuma. Kwenye GTO hii mdomo wa tangi umejificha nyuma ya kibao cha namba. Fungua kifuniko, mulika kwa tochi isiyotoa cheche, na unuse. Petroli nzuri ina harufu ya ukali unaoufahamu. Iliyoharibika inanuka kama rangi ya mafuta iliyosahaulika stoo, nayo hushika rangi ya chai ya rangi. Ukiona hivyo, usijaribu kuichanganya na mpya. Itoe yote kwa pampu ya mkono. Ule mtindo wa fundi kunyonya kwa mpira mdomoni tuuache, petroli ikiingia mapafuni inaweza kuua. Pima pia kama kuna maji: ethanoli huvuta maji, na yakizidi, mchanganyiko wa maji na ethanoli hujitenga na petroli na kutua chini, palepale bomba la kufyonzea lilipo. Tangi likiwa na kutu ya magamba, bei ya jipya na ya kichujio chake cha ndani ni nafuu kuliko kabureta, na utalala usingizi.

Kabla hujaondoka pale nyuma, shughulika na kile kifuniko. Magari mengi ya kabla ya 1970 yalitumia kifuniko chenye tundu la kupumulia. Mwaka huo California ilianza kudai mvuke wa petroli uzuiwe usitoke nje, 1971 ikawa nchi nzima, na tangu hapo vifuniko vingi ni vya kuziba kabisa. Vinafanana, vingine hata vinaingia vizuri. Ukifunga cha kuziba kwenye gari la 1967, pampu inavuta petroli lakini hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Gari linakwenda vizuri dakika 15 au 20, kisha linafifia na kuzima. Ukingoja kidogo linawaka tena. Jaribio lake ni rahisi: likizima, nenda ulegeze kifuniko. Ukisikia hewa ikiingia kwa mluzi, umeshapata jibu, na hukuhitaji kugusa boneti.

Kutoka tangini petroli husafiri kwenye bomba la chuma lenye vipande vya mpira kwenye maungio. Hapa pana jambo linalowapoteza hata mafundi wazuri. Pampu ya GTO iko mbele ubavuni mwa injini, inasukumwa na nundu ya kamshafti, kwa hiyo bomba lote la nyuma yake linafyonza. Mpira uliopasuka upande huo huenda usidondoshe hata tone. Badala ya kuvuja nje, unavuta hewa ndani, na injini inapata petroli yenye mapovu. Watu hutafuta unyevu chini ya gari, hawauoni, wanahitimisha mipira ni mizima. Mimi siulizi, nabadilisha yote, na natafuta iliyochapwa SAE 30R9 ubavuni, kwa kuwa inahimili ethanoli. Zile filta ndogo za kioo zinazopendeza machoni ziache dukani. Karibu na injini yenye moto, kioo kikipasuka unateketeza gari.

Pampu yenyewe huipima kwa chupa. Chomoa bomba linaloingia kwenye kabureta, liongoze kwenye chupa imara, zima umeme wa kuwashia plagi, kisha mtu apige stata. Pampu nzima itatoa karibu nusu lita ndani ya nusu dakika, kwa mapigo yanayofuatana, bila mapovu. Halafu chomoa dipstiki unuse oili. Kiwambo cha mpira ndani ya pampu kikitoboka, petroli inaweza kushuka moja kwa moja kwenye oili, ikaifanya nyepesi kama maji, na beringi za injini zikaisha huku wewe unahangaika na jeti za kabureta. Oili ikinuka petroli, usiwashe tena gari hilo mpaka umebadilisha pampu na oili.

Wapo wanaokimbilia pampu ya umeme. Inafaa, lakini angalia msukumo: kabureta za aina hii zinataka takriban psi 5 hadi 7. Ukiifungia pampu ya gari la injeksheni, sindano ya floti haiwezi kufunga, petroli inafurika juu ya manifoldi ya moto. Weka pia swichi ya kuikata injini ikizima, maana ukipata ajali pampu ya umeme haijui.

Kuna na tatizo lisilo la kipuri chochote. Agosti, kwenye Woodward Dream Cruise inayofanyika kwenye viunga vya Detroit tangu 1995, utayaona magari ya dola laki moja yamesimama kando, boneti juu. Yamekwenda polepole juani, petroli imechemka bombani, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Ethanoli hufanya petroli itoe mvuke mapema zaidi, na petroli ya majira ya baridi huchanganywa makusudi ili iwe nyepesi kuwaka, kwa hiyo ukiiacha tangini ukaja kuiendesha siku ya joto ya Aprili, utakwama. Sogeza bomba mbali na blok na manifoldi, weka gasketi nene chini ya kabureta, na kama gari lina bomba la kurudisha mafuta tangini, kama yale ya GM yenye kiyoyozi, hakikisha halijazibwa na mwenye gari wa zamani.

Sasa, na sasa tu, ndiyo tufike kwenye Quadrajet. Pale petroli inapoingilia kuna nati kubwa, na ndani ya nati hiyo kuna filta ambayo wengi hawajui kama ipo. Ifungue taratibu, kwa spana mbili, usije ukaharibu nyuzi. Bakuli la kabureta hii ni dogo, na petroli ya leo hugeuka mvuke haraka, kwa hiyo gari lililokaa wiki mbili litahitaji stata ndefu kabla ya kuwaka. Hilo si kosa la kutengeneza. Likifanya hivyo kila asubuhi, basi huenda vizibo vya chini ya bakuli vinavuja, na hapo inashushwa na kuzibwa. Floti yake ni ya povu gumu, na ikizeeka hunywa petroli, inakuwa nzito, inazama, kabureta inafurika. Nyingi hupona kwa floti mpya na seti ya gasketi za kuhimili ethanoli, bila kununua kabureta nyingine.

Kuhusu oktani, namba za hapa zisikuchanganye. Nyumbani tumezoea RON. Pampu za Marekani huonyesha wastani wa RON na kipimo kingine kikali zaidi, kwa hiyo 87 ya hapa inakaribia 91 au 92 ya kwetu. Kwa mgandamizo wa 10.75, tia ile ya juu kabisa kituoni, na fundi arudishe taiming nyuma kidogo ikiwa bado inagonga. Viti vya valvu visikunyime raha kama unaendesha Jumapili tu. Vinaisha kwa mizigo na mwendo mkali wa muda mrefu.

Na kama umefika hapa, petroli ni safi, pampu inatema vizuri, floti inaelea, na gari bado linazima likipata joto, acha mafuta ufungue distributa. Kondensa inayoanza kufa hufanya kazi ikiwa baridi na kugoma ikichemka, dalili ileile kabisa ya petroli iliyogeuka mvuke, na bei yake haifiki hata robo ya kujaza tangi.