Kibagabaga: Mgonjwa Mmoja, Wafanyakazi Wengi

Katika mikutano ya matawi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, likizo, mabuti ya mvua na kupunjwa kwenye mizani. Mara hii ukurasa wetu unazungumza juu ya maumivu. Si maumivu ya kidole kilichobanwa na mashine, maana hayo yana fomu yake na fidia yake. Ni maumivu ya mtu ambaye ugonjwa wake hautapona tena, akarudishwa nyumbani na pakiti ya Panadol, akaambiwa akapumzike.

Katika shamba moja la chai nililokuwa nikilitembelea kwa kazi ya chama, alikuwako mama mchumaji mwenye saratani ya shingo ya kizazi. Zahanati ya shamba ilikuwa na Panadol tu. Majirani wa nyumba za mstari huo walikuwa hawalali kwa kilio chake. Kwa kuwa hachumi, halipwi, na mumewe akawa anakopa kwa mwenye duka hadi duka nalo likamfungia. Mtoto mkubwa akaacha shule ili akae na mama yake. Kisha nyapara akaja kuuliza nyumba itaachwa lini, kwani kuna mchumaji mpya anayeingojea. Yule mama alipofariki watu walisema Mungu amempumzisha. Sawa. Lakini dawa ya kumpumzisha akiwa hai ilikuwapo duniani, na haikuwa dawa ya bei kubwa.

Ukitazama habari ya mama huyo utaona kwamba hakuumwa mahali pamoja. Tumbo lilimuuma, deni lilimuuma, mtoto aliyeacha shule alimuuma, na usiku aliogopa kufa. Daktari mmoja, hata akiwa hodari namna gani, hawezi kuyatibu yote hayo kwa sindano. Ndiyo maana nataka tutazame kazi iliyofanyika Kibagabaga.

Kibagabaga ni mtaa wa jiji la Kigali, upande wa Kimironko, katika wilaya ya Gasabo. Pana hospitali ya serikali, na katika miaka ya 2010 hospitali hiyo ilijulikana nchini Rwanda kwa kazi inayoitwa huduma shufaa, yaani kumtunza mgonjwa asiyetazamiwa kupona ili asiteseke, yeye pamoja na nyumba yake. Mmoja wa waliokuwa wakuu wa hospitali hiyo, Daktari Christian Ntizimira, amejulikana hata nje ya nchi kwa kuitetea huduma hii. Serikali ya Rwanda nayo ilikuwa imekwisha kutoa sera ya taifa juu yake mwaka 2011, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado hazijalifanya.

Huduma hii haina mtu mmoja anayejua yote. Daktari huchunguza ugonjwa na kupima dawa. Muuguzi ndiye anayekaa na mgonjwa, anaosha kidonda, anajua usiku umekwendaje. Mwanasaikolojia humsikiliza mgonjwa na mumewe au mkewe, maana mara nyingi kila mmoja anaficha ukweli ili asimtie mwenzake hofu. Afisa wa ustawi wa jamii anauliza habari za chakula, kodi ya nyumba, karo na kadi ya mituweli. Padre, mchungaji au shehe huitwa mgonjwa akimtaka. Na kule kijijini wako abajyanama b'ubuzima, washauri wa afya wanaochaguliwa na wanakijiji wenyewe, ambao hupita nyumbani na kupeleka habari mapema kabla mambo hayajaharibika.

Hao wote hukutana kumzungumza mgonjwa mmoja. Hapo ndipo penye kazi, na wenzetu wa viwanda vya chai watanielewa upesi. Majani yakinyauka vizuri lakini mtu wa boila akalala, chai imeharibika, na hakuna anayeweza kusema mimi nilifanya sehemu yangu. Muuguzi akiona maumivu yamerudi saa nane ya usiku na asiseme, au akisema na daktari asimsikilize kwa kuwa yeye ni muuguzi tu, mgonjwa ndiye anayelipa. Katika kazi hii neno la mdogo lina uzito. Mimi nasema hilo peke yake ni somo kwa maofisi mengi.

Aliyeanzisha fikra hii katika udaktari wa leo alikuwa Mwingereza, Bi. Cicely Saunders. Alianza kazi akiwa muuguzi, kisha akawa afisa wa ustawi wa jamii hospitalini, halafu akasomea udaktari. Kwa hiyo kazi tatu za kikundi alizipitia mwenyewe. Alifundisha kwamba mgonjwa ana maumivu ya mwili, ya moyo, ya maisha yake na watu, na ya roho, na kwamba yote hayo ni maumivu mamoja. Mwaka 1967 alifungua nyumba ya wagonjwa mjini London. Fikra hiyo ilifika Nairobi mwaka 1990, na mwaka 1993 Daktari Anne Merriman akaanza Hospice Africa Uganda mjini Kampala.

Sasa dawa. Jina lake ni mofini, na wengi wakilisikia wanaogopa, wakiwamo madaktari. Wanasema mgonjwa atakuwa mlevi wa dawa, au atakufa upesi. Ikitolewa kwa kipimo na watu waliofundishwa, kwa mtu mwenye maumivu ya saratani, haifanyi hivyo. Hunywewa kila baada ya saa nne, kwa saa, bila kungoja maumivu yarudi kwanza. Siku za mwanzo mgonjwa husinzia, kisha husinzia hupungua. Hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huandamana nayo. Kampala waliichanganya wenyewe: unga wa mofini, maji, na dawa ya kuzuia isiharibike, ndani ya chupa ya plastiki. Rwanda nayo ikaanza kutengeneza ya maji nchini, na kuifikisha kwa wagonjwa bila malipo. Ni dawa inayolindwa kwa sheria, kila chupa inaandikwa, na inayobaki mgonjwa akifariki inapaswa kurudishwa hospitali. Isigawiwe jirani mwenye jino.

Uganda walifanya jambo jingine ambalo chama cha wafanyakazi hakina budi kulitazama sana. Mwaka 2004 sheria ilibadilishwa, wauguzi na waganga wasaidizi waliofundishwa kwa kazi hii wakaruhusiwa kuandika mofini. Mashambani daktari haonekani kila siku. Muuguzi yuko. Kama ruhusa ni ya daktari peke yake, basi aliye shambani ameandikiwa Panadol tangu alipoajiriwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote, katika kila watu 100 wanaohitaji huduma shufaa, wanaoipata ni kama 14. Si vigumu kujua wengi wa wale 86 wanaishi wapi.

Kuna wasomaji watakaosema haya ni mambo ya Kigali na hospitali kubwa. Nawajibu kwamba sehemu kubwa ya huduma hii hufanyika nyumbani, na nyumba ya mfanyakazi wa shamba ni mali ya mwajiri. Kwa hiyo iko mezani petu, katika mkataba wa hali bora. Mwajiri anaweza kumpeleka muuguzi wa zahanati akafundishwa. Anaweza kutoa gari moja kwa wiki limpeleke mgonjwa hospitali badala ya kubebwa begani. Anaweza kumpa ndugu anayeuguza siku za ruhusa zenye malipo. Zahanati inaweza kuandikiana na hospitali ya wilaya ili mgonjwa akirudishwa nyumbani, karatasi yake na dawa yake zirudi pamoja naye.

Waajiri watalalamika juu ya gharama, tumewazoea. Matawi yanayojiandaa kwa mazungumzo ya mkataba mpya yaanze na jambo lisilohitaji daktari wala dawa: mfanyakazi aliye katika ugonjwa wa mwisho asitolewe katika nyumba ya shamba, na familia yake ipewe miezi 3 baada ya mazishi kabla funguo hazijadaiwa. Jambo hilo liandikwe kwa maneno hayo hayo, kwa sababu ahadi ya nyapara haisomeki mbele ya mkaguzi wa kazi.