Fahali alihema, kisha ‘kikalala’: Je, mwanafunzi alikosea?

Muhula uliopita niliandamana na kikundi cha wanafunzi wa chuo waliokuwa wakizunguka katika shule za upili za Kisii na Nyamira wakiigiza mchezo mfupi. Mhusika wake mkuu si mtu. Ni fahali wa familia moja, anayefugwa ili auzwe kulipia karo, ambaye anapatwa na ndigana na kufa siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Fahali huyo ni kikaragosi kilichoundwa kwa mianzi, magunia na karatasi zilizogandishwa kwa uji wa ngano, na kimo chake ni cha fahali wa kweli.

Utaona nimeandika ‘fahali huyo’, kisha ‘kilichoundwa’. Sikuteleza. Hiyo ndiyo mada yangu leo.

Kusafiri na mnyama wa aina hiyo si mchezo. Huko Keroka, utingo wa matatu alimtazama, akamzunguka, kisha akatuambia, “Prof, hii ng’ombe inalipa viti viwili.” Tukalipa. Mvua za alasiri za nyanda za Gusii nazo hazina huruma kwa karatasi. Kila jioni tulikaa na sindano na uzi tukimshona sikio, tukimkausha mgongo karibu na jiko.

Jukwaani, fahali huchezeshwa na watu watatu: mmoja kichwani, wa pili kifuani, wa tatu nyuma. Mbinu hii imepata umaarufu kupitia Handspring, kampuni ya vikaragosi iliyoanzishwa nchini Afrika Kusini mwaka wa 1981 na Basil Jones na Adrian Kohler. Ndiyo iliyounda farasi wa mchezo wa War Horse, uliotokana na riwaya ya Michael Morpurgo ya 1982 na kuigizwa kwa mara ya kwanza London mwaka wa 2007. Farasi wale pia huchezeshwa na watu watatu, nao watazamaji huwaona watu hao waziwazi. Hakuna anayedanganywa. Siri iko kwenye pumzi. Mchezeshaji wa kifuani hupandisha na kushusha mbavu polepole, na baada ya dakika chache mtazamaji anasahau mianzi, anasahau miguu ya watu, anabaki na mnyama. Fahali wetu anapokufa, pumzi hukoma, kisha wachezeshaji watatu huondoka mmoja mmoja kimyakimya na kumwacha pale chini.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Katika shule moja ya Nyamira, mwalimu wa Kiswahili aliwapa wanafunzi wa Kidato cha Pili kazi ya kuandika insha kuhusu mchezo huo. Tulipopita tena siku ya tatu, alinionyesha daftari la msichana mmoja. Sentensi moja ilikuwa imepigwa mstari kwa wino mwekundu: “Fahali alihema mara tatu, akatuangalia, halafu kikalala.”

“Prof, hapa unasemaje?” akaniuliza.

“Upatanisho umevurugika, Mwalimu. Uko sahihi,” nikajibu pale pale, kwa uhakika wa mtu aliyefundisha sarufi miongo mitatu. Msichana alikuwa amesimama kando. Alipokea daftari lake, akalikunja, akaenda zake bila kuuliza lolote.

Tulikuwa hatujafika Kebirigo nilipoanza kujiuliza kama nilimtendea haki.

Hebu tuanze na kanuni. Nomino za Kiswahili hupangwa katika ngeli kwa kuzingatia upatanisho. Hata hivyo, kwa viumbe wenye uhai, maana huishinda sura ya neno. ‘Kisu’ na ‘kifaru’ yote mawili huanza kwa KI-, lakini tunasema ‘kisu kimeanguka’ na ‘kifaru ameanguka’. Vivyo hivyo kiboko, kipepeo, kijana, kiongozi. Uhai unawatoa katika ngeli ya KI-VI na kuwaweka katika A-WA.

Si lugha zote za Kibantu zinazofanya hivyo kwa kiwango hiki. Katika Ekegusii, nyumba yangu ni ‘enyomba yane’, na ng’ombe wangu ni ‘eng’ombe yane’. Mnyama hubaki katika ngeli ya umbo lake. Kwa hiyo utingo wa Keroka aliposema ‘hii ng’ombe inalipa’, hakuwa ametambua kwamba mnyama wetu hana uhai. Angesema hivyo hata kwa ng’ombe anayetafuna majani. Mtoto wa Gusii anayejifunza Kiswahili hana budi kujizoeza kusikia uhai ndani ya kiambishi. Ni kazi kubwa kuliko tunavyodhani sisi walimu. Hata Kiswahili chenyewe hakijamaliza kazi hiyo: twasema ‘rafiki yangu amefika’, na Pwani utasikia ‘mbuzi zangu wamepotea’.

Tena, kanuni ya uhai ina mipaka. Neno ‘kiumbe’ lenyewe huyumba: wapo wasemao ‘kiumbe hiki’ na wapo wasemao ‘kiumbe huyu’. Kuhusu maiti, wengine husema ‘amezikwa’, wengine ‘imezikwa’, kana kwamba lugha haijaamua mtu anaacha kuwa mtu saa ngapi. Tukitaka kudunisha au kudogosha, tunamvua mtu A- na kumvika KI-: ‘kijitu kile kimerudi tena’. Na katika ngano tunafanya kinyume. Jiwe au chungu kikipewa kinywa, msimulizi husema ‘Chungu akajibu’. Hiyo ndiyo tashihisi, na wala hakuna mtahini anayeikata alama.

Nenda Tabaka, wanakochonga mawe ya sabuni. Mchongaji atakuambia, “Hiki kifaru nimekichonga jana.” Ukimwuliza mtoto wake anayekichezea sakafuni, atasema, “Kifaru wangu amelala.” Jiwe ni lile lile. Baba anazungumzia kazi ya mikono, mtoto anazungumzia mnyama. Nani kati yao amekosea? Hakuna.

Jina la chombo chenyewe linahitaji ufafanuzi pia. Kuna wanaokiita mwanasesere, lakini huyo ni wa kuchezewa na watoto. Kibonzo ni mchoro. Kibaraka tumemwachia siasa: mtu anayetumiwa na wakubwa. Kwa sanaa ya jukwaani napendekeza tushikilie ‘kikaragosi’, neno lenye asili ya kisanaa. Linarejea kwa Karagöz, mhusika wa mchezo wa vivuli wa Waturuki, ambaye jina lake lina maana ya jicho jeusi. Waarabu walilichukua, na huko Misri kikaragosi cha mkononi huitwa aragoz hadi leo. Wapo wanaonung’unika kwamba KI- ya kikaragosi inaashiria udogo, hivyo haifai kwa mnyama mwenye kimo cha fahali. Jibu langu ni fupi: kifaru na kiboko pia wana KI-, na hakuna aliyewahi kuwaona wadogo.

Sasa turudi kwa insha ya yule msichana. Tukizungumzia kifaa, tuseme ‘kikaragosi kimelowa’, ‘kikaragosi kimeshonwa’. Tukizungumzia mhusika katika hadithi, tuseme ‘fahali anahema’, ‘fahali amekufa’. Pale kifaa na mhusika wanapokutana, yaani kikaragosi kinapotenda, ‘kikaragosi kinahema’ na ‘kikaragosi anahema’ zote zina nafasi, mradi mwandishi ajue anachosema. Yule msichana alitumia A- fahali alipokuwa akihema na kutazama. Pumzi ilipokoma na wachezeshaji walipoondoka, kilichobaki chini kilikuwa mianzi na magunia. Akaandika ‘kikalala’. Sentensi moja imebeba uhai na mauti kwa viambishi viwili tu.

Mtu atanijibu kwamba KI- ile haina nomino ya kuirejelea ndani ya sentensi, na ni kweli. Mwingine atasema huenda mtoto aliteleza tu, wala hakuwa na falsafa yoyote. Huenda. Sijui, kwa sababu sikumwuliza. Hapo ndipo kosa langu lilipo. Nilikuwa na fursa ya kusema, “Mwanangu, kwa nini uliandika KI- hapa?” Kama aliteleza, angejifunza kanuni. Kama alikusudia, mimi ningejifunza kitu. Badala yake nilitoa hukumu, na wino mwekundu ukapata shahidi mwenye shahada.

Walimu wenzangu, hasa mnaosahihisha mafungu ya insha usiku kucha, siwaombi mtupe kanuni. Mwanafunzi atakayeandika ‘ng’ombe imekufa’ kwa kufuata lugha ya mama anahitaji kuelekezwa, naye atakutana na mtahini asiyemjua. Ninachoomba ni swali moja kabla ya mstari mwekundu, pale upatanisho unapobadilika mahali ambapo kitu fulani katika maana kimebadilika pia. Lugha inayomruhusu chungu kujibu na kijitu kurudi haiwezi kushindwa na fahali wa magunia.

Nimemwandikia mwalimu yule kumweleza haya, na nimemwomba ampe msichana nakala ya makala hii. Mwanangu, hukumu yangu ya siku ile naifuta. Ukiwa na sababu ya KI- yako, iache ilivyo.