Mtoto Asisome na Njaa

Na Mganga Msaidizi, Matemwe



Siku moja saa nne asubuhi, watoto wawili wa skuli walimleta mwenzao kituoni kwetu, hapa Matemwe. Alikuwa mtoto wa kike wa darasa la tatu. Alianguka darasani. Jasho lilimtoka, na mikono yake ilikuwa ya baridi.

Nilifikiri ni malaria. Nilimpima damu, malaria sikuiona. Nilimpa dawa ya kichwa, nikamwambia akapumzike nyumbani. Baada ya wiki mbili akaletwa tena. Hali ilikuwa ile ile. Safari hii nilimwita mama yake. Alikuja kutoka pwani, nguo zimerowa maji ya bahari.

Nilimwuliza, "Mama, mtoto amekula nini leo?"

Akanijibu, "Mwanangu, leo bamvua. Nimetoka mapema kuwahi mwani. Jana usiku tulikula muhogo. Leo moto haujawashwa."

Hapo nililijua kosa langu. Nilipima damu, lakini sikuuliza habari za tumbo. Mtoto alikuwa na njaa.

Nyinyi wa pwani mnajua kuliko mimi. Bamvua huja kila baada ya wiki mbili hivi. Siku hizo maji hukupwa sana asubuhi. Huo ndio wakati wa kazi ya mwani na pweza. Kazi hiyo huleta fedha za nyumbani, wala hatuwezi kumlaumu mama. Lakini wakati ule ule mtoto yuko darasani, na tangu jana usiku hajala kitu.

Njaa hufanya nini? Ubongo hutumia chakula kila saa, hata mtu akikaa tu. Mtoto mwenye njaa husinzia. Kichwa humuuma. Mwalimu husema, yeye hasikii. Akikaa na njaa siku nyingi huwa mwembamba, damu hupungua, na maradhi humpata upesi.

Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, Serikali ilitangaza elimu bure Zanzibar. Ada ikaondoka. Mtoto wa mvuvi na mtoto wa mkulima wakaingia skuli. Lakini elimu bure haimfai sana mtoto asiyekula. Kwa hiyo chakula cha skuli ni sehemu ya elimu. Si sadaka.

Katika miaka ya 2010 Serikali ilianza mpango wa lishe katika baadhi ya skuli za Unguja na Pemba. Nia ilikuwa chakula kinunuliwe kwa wakulima wetu wenyewe. Skuli nyingi za shamba bado hazina jiko.

Tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Mwaka 1979 serikali yao ilianza kuwapa wanafunzi maziwa bure. Watu waliyaita Maziwa ya Nyayo. Watoto waliyapenda sana. Lakini katika miaka ya 1990 mpango ule ulififia. Mwaka 2009 Kenya ilianza njia nyingine. Serikali ilitoa fedha, na skuli zikanunua nafaka na maharage karibu na kwao. Hivyo mtoto alipata chakula, na mkulima alipata soko.

Sisi tufanye nini? Fedha za chakula ni wajibu wa Serikali, na kamati ya skuli iziombe bila ya kuona haya. Lakini sufuria haipiki peke yake. Panahitajika maji safi, kuni, mpishi na ghala kavu. Hayo tunaweza kuyaanza wenyewe.

Chakula cha skuli kiwe cha aina tatu:

1. Cha kutia nguvu: muhogo, mtama, mchele, viazi vitamu.
2. Cha kujenga mwili: choroko, kunde, dagaa, samaki.
3. Cha kulinda mwili: mchicha, kisamvu, maembe, mapapai.

Muhogo peke yake hushibisha tumbo, lakini haujengi mwili. Ukiongeza choroko na mchicha, mtoto amepata mlo kamili.

Mpishi na watoto wanawe mikono kwa sabuni. Mpishi anayeharisha asipike. Chakula kiliwe kingali cha moto. Nafaka yenye ukungu itupwe, kwa sababu ina sumu. Siku ya dawa za minyoo kila mtoto ameze, maana minyoo hula chakula chetu.

Na nyumbani je? Siku ya bamvua weka kiporo cha usiku mahali safi penye mfuniko, na asubuhi kipashwe moto mpaka kichemke. Anayebaki nyumbani, awe baba, bibi au kaka mkubwa, naye awashe moto. Uji si kazi ya mama peke yake.

Mtoto akianguka skuli, mlazeni kivulini. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpeni uji au maji ya sukari. Akiwa hana fahamu, msimtie kitu chochote mdomoni. Mleteni kituoni upesi, kwani si kila anayeanguka ana njaa. Nami nitampima damu. Lakini siku hizi swali langu la kwanza ni hili: "Umekula nini leo?"

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Katika kijiji chenu, watoto wangapi huenda skuli bila ya kula?
2. Siku ya bamvua nani huwasha moto nyumbani kwako?
3. Skuli yenu ikipewa chakula kesho, maji ya kupikia yatatoka wapi?