Pokeri ya studi: feza ya mezani na feza ya mufukoni

Kuko aina mingi ya pokeri. Ile vijana wanaona kwenye televizyo, yenye karte tano wazi katikati ya meza, si ile tunazungumzia leo. Sisi tunaongea juu ya studi, mchezo wa Marekani wa tangu karne ya 19, wenye kila muchezaji anakuwa na karte zake mwenyewe, zingine wazi, zingine za kufichwa.

Pokeri na migodi vinajuana tangu zamani. Mwaka 1876 watafuta-zahabu walikuwa wamejaa Deadwood, kule Dakota, na vumbi ya zahabu njo ilikuwa feza yao: ilipimwa ku mizani, ikalipa chakula, pombe na karte. Ile udongo mukataba wa 1868 ulikuwa umewaachia Walakota, kwa hiyo mji haukuwa na tribinali ya serikali. Tarehe 2 Agosti, Wild Bill Hickok alikuwa anacheza pokeri pale. Wanasimulia kama alikuwaka anaikala mugongo ku ukuta, lakini siku ile nafasi haikupatikana. Jack McCall akamupiga risasi kutoka nyuma. Wachimbaji wakafanya tribinali yao, wakamuachilia. Ni tribinali ya Yankton njo ilimuhukumu kisha, akanyongwa tarehe 1 Machi 1877.

Fasi yenye haina juge, meza inapaswa kuwa na sheria mbele ya karte ya kwanza kugawiwa.

Tuanze na mchezo. Katika studi ya karte saba, kila mutu anaweka kiingilio kidogo, anapata karte mbili za kufichwa na moja wazi. Mwenye karte wazi ya chini kabisa analazimishwa kuanza kuweka feza. Kama wawili wako na namba moja, trefli iko chini, kisha karo, kisha keri, na piki juu. Zinafuata karte tatu wazi, moja-moja, na sasa anaanza mwenye karte wazi zenye nguvu zaidi. Ya saba inafichwa. Ku mwisho kila mutu anachagua tano bora kati ya saba. Wachezaji wanane wakibaki wote, wanahitaji karte 56, na pakiti iko na 52 tu! Hapo mugawaji anaweka karte moja wazi katikati, inakuwa ya wote.

Adabu inaanzia ku macho. Studi ni mchezo wa kukumbuka: ukingojea dama, na dama mbili zimekwisha kuonekana kwa wengine na kutupwa, ni wewe mwenyewe wa kuzishika ndani ya kichwa. Hakuna mutu wa kukukumbusha. Mwenye ametupa karte anyamaze. Akisema "mi nilikuwa na dama", ameumiza mumoja na kusaidia mwingine. Vilevile, usitupe mbele ya zamu yako, juu wa nyuma yako atajua kama mushindani mumoja amepungua. Na karte zako wazi zibaki wazi, pale mezani. Ukiziokota wakati mwenzako ameweka feza na anangojea jibu lako, mukono wako umekufa, hata kama ulikuwa na asi tatu.

Feza, iweke mbele yako taratibu, usiitupe katikati, ili kila mutu ahesabu. Sema "ninaongeza" na kiasi chake mara moja. Kuweka kidogo, kuangalia nyuso, kisha kuongeza tena, ni wizi wa adabu.

Sasa sheria yenye sisi tunaona inapita zote: kinachochezwa ni paka feza yenye ilikuwa mezani mbele ya karte kugawiwa. Hakuna kuingiza mukono mufukoni katikati ya mchezo. Feza ikiisha, muchezaji hafukuzwi. Anabaki akigombania sehemu yenye ameweza kulipa, na wenye feza nyingi wanaendelea pembeni kati yao. Bila sheria hii, tajiri angewafukuza wote kwa kuongeza tu. Saa, telefone, mushahara wa mwezi wenye unakuja, ao mufuko wa minerai wenye haujapimwa na haujauzwa, vyote si feza ya mezani. Mama ya nyumba anaweza kujua tangu mangaribi ni kiasi gani kinaweza kupotea, juu ile ya posho na ya masomo imebaki kwake.

Sheria inashika pande zote mbili: mwenye anashinda hawezi kurudisha sehemu ya feza mufukoni na kuendelea kucheza. Lakini anaweza kwenda wakati wowote, hata kisha ya mukono mumoja mukubwa. Wengine watanuna. Anaokota zake zote, anaaga, anatoka.