Vitambaa vya kufuma: Raha ya mfumaji na bei ya sokoni

KATIKA sebule nyingi nchini, kuanzia Tandika hadi Tukuyu, mgeni akikaribishwa huegemea kazi ya mikono ya mama mwenye nyumba. Kitambaa cha kufuma kimetandazwa mgongoni mwa kochi, kingine kiko mezani chini ya chupa ya chai, na enzi za televisheni zenye kichogo hakikukosekana kingine juu yake. Ni nadra mgeni kuuliza kilifumwa lini, na ni nadra zaidi kuuliza kilichukua saa ngapi.

Ufumaji huu, ambao wengine huuita kroshia, unahitaji vitu viwili tu: uzi na sindano moja yenye ndoano kichwani. Mfumaji huvuta kitanzi kupitia ndani ya kitanzi kingine, tena na tena, hadi kitambaa kikamilike. Mtaji wake ni mdogo, na una sifa moja ambayo mkulima angeitamani sana: haupotei kwa kukosea. Aliyeharibu mstari huvuta uzi, kazi ikafumuka, uzi ukarudi kwenye donge lake tayari kwa kuanza upya. Mbegu iliyopandwa kabla ya mvua kutulia hairudi ghalani.

Sifa ya pili inahusu muda. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua kama Dodoma na Singida, kazi ya shamba hubana kuanzia Desemba hadi mavuno, kisha huja miezi mirefu ya kiangazi. Hata ndani ya siku moja, muda wa mama wa nyumbani hukatika vipandevipande: maharage yanachemka, foleni ya maji haijasogea, mtoto ndiyo kwanza amesinzia. Vipande hivyo haviwezi kuuzwa popote. Hakuna mwajiri anayelipa dakika 20 za asubuhi na nyingine 40 za jioni. Lakini ufumaji unazipokea zote, kwa kuwa kazi inaweza kuachwa katikati ya mstari na kuendelezwa kesho bila kuharibika.

Na hapa ndipo raha yenyewe ilipo. Mfumaji mzoefu hahitaji kutazama vidole vyake. Anaweza kusikiliza taarifa ya habari, kumsimamia mtoto anayefanya hesabu za shule na kupiga soga na jirani, huku kitambaa kinakua mapajani. Kitambaa cha duara kina mtihani wake. Kila mzunguko lazima uongezewe mafundo kwa kipimo: kwa kawaida sita kwa mafundo mafupi, na 12 kwa yale marefu. Ukiongeza pungufu, duara linajikunja kama bakuli. Ukizidisha, pindo linajaa mawimbi kama kola ya gauni la harusi. Likitandazwa mezani likalala sawasawa, mfumaji hujua kwamba hesabu yake imetoka, na hana haja ya kusubiri mwalimu wa kusahihisha.

Baada ya hapo kuna kufua, kutia kanji, ambayo wengine huipika kwa unga wa muhogo, na kuanika kitambaa kikiwa kimevutwa vizuri ili ua lionekane. Mtindo wa nanasi, unaofumwa sehemu nyingi duniani, hauna uzuri wowote kabla ya hatua hii. Ukikauka, kila jani linasimama.

Somo hili liliingia nchini kwa sehemu kubwa kupitia shule za wasichana na za misheni, ambako kazi za sindano zilifundishwa pamoja na mapishi, somo ambalo baadaye lilijulikana kama sayansi kimu. Kutoka darasani lilihamia barazani. Leo binti hujifunza kwa mama, kwa shangazi au kwa video katika simu, na vijana wa kiume wanaofuma kofia na mikoba si kioja tena.

Wachumi wamekuwa na tabu na kazi ya aina hii kwa muda mrefu. Mwaka 1969, Stephen Hymer na Stephen Resnick waliandika kwamba kaya ya kijijini hugawa nguvukazi yake kati ya kilimo na shughuli nyingine za nyumbani kama kusuka, kufinyanga na kushona. Kwa maoni yao, kadiri bidhaa za viwandani zinavyoingia, kaya huziacha shughuli hizo, kwa sababu ni nafuu zaidi kulima mazao ya kuuza na kununua bidhaa ya kiwandani. Kwa mkeka wa plastiki na ndoo ya plastiki, walikuwa sahihi kabisa. Vyungu na mikeka ya ukili vimerudi nyuma katika nyumba nyingi.

Kitambaa cha kufuma hakikufuata njia hiyo kirahisi. Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Mashine ya kufuma soksi ilibuniwa Uingereza mwaka 1589, na sweta hutengenezwa viwandani kwa mamilioni. Fundo la kroshia ni jambo jingine: hadi leo viwanda havina mashine inayolitoa kwa wingi. Hata kile kikofia cha mtoto kilichotoka ng'ambo, kinachouzwa rejareja kwa bei ya kutupa, kimepita katika vidole vya mtu. Bei yake inaeleza alicholipwa mtu huyo.

Sababu ya pili ni ile raha. Inashikilia kazi hii majumbani, na papo hapo inaibana sokoni.

Mfano wa hesabu utasaidia. Tuseme mama anafuma seti ya vitambaa vya makochi. Uzi unamgharimu Sh30,000, kazi inamchukua saa 90 na anauza kwa Sh75,000. Kinachobaki ni Sh45,000, yaani Sh500 kwa saa. Kama kibarua cha palizi kinalipa Sh5,000 kwa saa tano, saa moja ya jembe inalipa mara mbili ya saa ya sindano. Kwa nini basi mama huyu asiende kulima? Kwanza, zile saa 90 ni vile vipande vya siku ambavyo palizi haivihitaji. Pili, Sh500 si malipo yote. Sehemu ya malipo aliipokea wakati akifuma.

Tatizo linaanza pale jirani yake anapoamua kwamba hii ndiyo biashara itakayolipa ada ya shule. Anaingia katika soko ambalo wauzaji wengi wangefuma hata kama wasingelipwa, na wengine wanagawa bure kwenye kitchen party na kwa wifi aliyejifungua. Muuzaji anayefurahia kazi yake anaweza kupokea bei ndogo na asilalamike. Anayeitegemea kwa unga na kodi ya nyumba hana nafasi hiyo, lakini bei ni ileile kwa wote wawili.

Ireland ililijua soko la aina hii mapema. Ugonjwa ulipoharibu viazi kuanzia mwaka 1845 na njaa kuingia, watawa na wake wa wachungaji waliwafundisha wanawake na wasichana kroshia ili wapate fedha ya chakula. Mmoja wao alikuwa Cassandra Hand wa mji wa Clones, aliyeanza mwaka 1847. Kazi iliuzwa na iliokoa familia, kwa kuwa wanunuzi walikuwa matajiri wa nje ambao hawakuwa na wafumaji wa kuwapa bure. Miaka ya 1880 mashine za Ujerumani na Uswisi zilianza kutoa lesi iliyoiga sura ya kazi hiyo, ingawa si fundo lake. Kwa mnunuzi wa kawaida, sura ilitosha.

Hapa nchini kilichobadilika zaidi ni samani. Televisheni bapa haina pa kuweka kitambaa. Makochi ya siku hizi yenye kitambaa cha mahameli au ngozi ya bandia hununuliwa yaonekane, si yafunikwe. Wafumaji waliosoma alama hizi wamehamia kwenye sweta na soksi za vichanga, kofia, mikoba na viatu vya ndani, vitu ambavyo havina mpinzani kwenye sofa. Uzi nao umebadilika: ule wa pamba umeachia nafasi kubwa uzi wa akriliki, unaotokana na mafuta ya petroli. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwa nchi ambayo wakulima wake wa Simiyu, Shinyanga na Mwanza huvuna pamba kila mwaka, halafu sehemu kubwa ikauzwa nje ikiwa pamba nyuzi, kabla hata ya kusokotwa.

Hatari kubwa iko kwenye mikopo. Mikopo ya vikundi yenye marejesho ya kila wiki, ikiwamo ile iliyobatizwa mitaani jina la kausha damu, inamfaa anayeuza nyanya au vitumbua, kwa sababu fedha yake inazunguka kila siku. Seti inayochukua wiki sita kukamilika haiwezi kulipa rejesho la Jumatatu ijayo. Aliyekopa kununua uzi atalipa kwa fedha ya mboga, na atafuma usiku kwa hofu. Raha iliyokuwa sehemu ya ujira wake itakuwa imeondoka, na bei itakuwa imebaki Sh75,000.

Anayetaka kuuza ana njia nyingine, ambayo mafundi cherehani wanaifahamu siku nyingi: kazi ya oda. Afume kwanza kitambaa kimoja cha mfano, akionyeshe, asubiri mteja. Malipo ya awali yatoshe kununua uzi wote, na siku ya kukabidhi ikubaliwe kwa kuhesabu muda halisi wa mfumaji, si haraka ya mwenye sherehe. Kinachobaki kilipwe siku ya kuchukua mzigo. Mteja asiporudi, mfumaji hajapoteza senti yake: seti inatandazwa kwenye makochi yake mwenyewe, au inafumuliwa usiku mmoja na uzi unarudi kwenye donge.