Kuhama kwa Seli: Neno Lipi Lichukue Maana?

Wafasiri wa vitabu vya biolojia hukutana mara kwa mara na dhana ya seli zitokazo mahali pamoja katika kiinitete zikaenda kukaa mahali pengine. Wengine huandika 'kutembea', wengine 'kusambaa', na wengine 'kuhama'. Sisi twalipendelea hili la mwisho, na sababu yetu imo katika jambo lenyewe.

Tuchukue seli za tuta la neva, ambazo Wilhelm His alizieleza mwaka 1868 alipochunguza viinitete vya kuku. (Twasema 'tuta', wala si 'kishungi', kwa kuwa hutokea kwenye kingo mbili zinazoinuka mgongoni mwa kiinitete.) Seli hizo huachana na jirani zake, hushika njia, na zifikapo hugeuka kuwa neva, au seli zitiazo ngozi rangi, au mifupa ya uso. Maji yakimwagika husambaa. Ahamaye ana atokako na aendako.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika kutaja kinachousimamia uhamaji huo. Wengi huandika 'udhibiti', neno lenye nusu ya ukweli. Katika kila pingili changa ya mgongo wa kuku, nusu ya nyuma ina protini zinazozifukuza seli, nazo hupita nusu ya mbele tu. Huko ni kudhibiti hasa. Lakini utumboni, protini itolewayo na tishu za utumbo wenyewe huzivuta seli zisonge mbele. Huko ni kuita, si kuzuia. Kwa hiyo twapendekeza 'uongozaji' liwe neno la jumla, na 'udhibiti' libakie upande wa kuzuia.

Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Kwa binadamu, seli hizo huingia utumboni yapata wiki ya nne ya kiinitete na kufika mwisho wiki ya saba. Zikikomea njiani, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana hukosa neva, na mtoto huzaliwa asiweze kupata choo vizuri. Huo ndio ugonjwa wa Hirschsprung, umpatao takriban mtoto 1 katika kila 5,000. Miongoni mwa sababu zake ni kasoro ya jeni RET, itengenezayo kipokezi cha mwito ule. Mwuguzi akisoma kwamba 'udhibiti wa seli umepungua', atadhani seli ziliachiwa huru kupita kiasi, na hali zilikwama kwa kutousikia mwito.