Vyombo vya Bure, Mega za Kununua

ESLint ni bure. Prettier ni bure. Biome nayo ni bure. Mtu akiishauri timu yenu ya Goma inunue programu ya kukagua na kupanga msimbo wa JavaScript, mshukuruni, pesa zibaki mfukoni. Gharama mtailipa kwingine: kwenye mega za Airtel, Vodacom au Orange, na kwenye saa zinazopotea watu wakibishana kama mstari umalizike kwa nuktamkato au la.

Kwanza tutenganishe kazi mbili. Kikaguzi hutafuta makosa: jina lililotangazwa halafu halikutumika, au `==` palipotakiwa `===`. Kipangaji hakijali maana, hunyoosha sura tu. ESLint, iliyoanzishwa na Nicholas Zakas mwaka 2013, ni kikaguzi. Prettier ya James Long, iliyotoka 2017, ni kipangaji. Biome ilizaliwa 2023 kutokana na mradi wa Rome uliokwama. Inafanya kazi zote mbili, na kwa kuwa imeandikwa kwa Rust, ina mbio sana. Wenyewe wanatangaza kwamba inalingana na Prettier kwa asilimia 97.

Kwa mradi wa watu wanne, mbio hizo hamtazihisi. Kinachouma ni kupakua. ESLint huja na vifurushi vidogo vingi na Prettier na kimoja tu, karibu vyote JavaScript tupu, visivyochagua mashine. Biome huleta faili moja nzito, makumi ya megabaiti ikishafunguliwa, na faili hiyo ni ya mfumo wako tu: ya Windows haifanyi kazi kwenye Linux. Pale watu wanapopeana kazi kwa flashi, hili lina uzito zaidi kuliko sekunde. Mmoja akishapakua ESLint na Prettier, wenzake wananakili akiba yake ya npm, ambayo kwenye Linux iko `~/.npm` na kwenye Windows iko `%LocalAppData%\npm-cache`. Wakiwa na faili ileile ya `package-lock.json`, wanaandika `npm ci --offline` na vifurushi vinajipanga bila kula mega hata moja. Kwa Biome, mwenye Windows hawezi kumfaa mwenye Linux kwa njia hiyo. Ila tuitendee haki: inapatikana pia kama programu ya faili moja isiyohitaji hata Node. Kama mashine zenu zote ni za mfumo mmoja, flashi moja inazunguka meza yote na mmemaliza.

Jihadharini na mafunzo ya zamani. Mengi bado yanamwambia mwanafunzi asakinishe kifurushi cha kanuni za Airbnb. Tangu Aprili 2024, ESLint 9 inatarajia faili ya `eslint.config.js`, na kifurushi kile kinadai ESLint ya zamani. Mtu anachoma mega zake, kisha anaambulia neno `ERESOLVE` kwa rangi nyekundu. Anzeni na kanuni za ESLint yenyewe zinazopendekezwa, mwongeze zenu mbili tatu.

Na kanuni hizo zikae wapi? Npm hutoza dola 7 kwa mtu kwa mwezi ili vifurushi vyenu viwe vya siri. Watu wanne ni dola 28, yaani 336 kwa mwaka, tena za kulipwa kwa kadi. Tangu waasi wa M23 walipouchukua mji mwishoni mwa Januari 2025 na benki kufunga milango, kila mtu hapa anajua maana ya kutegemea kadi. Mimi sioni siri yoyote katika kanuni za koma. Ziwekeni kwenye ripo ya Git, mzipe namba ya toleo, na kila mradi uzivute kutoka huko. Bei yake ni sifuri.

Ukaguzi wa kwenye seva hauna shida ya pesa: GitHub hutoa dakika 2,000 za bure kwa mwezi kwa ripo za siri, GitLab 400. Lakini kusukuma kazi, kungoja, kukataliwa na kusukuma tena ni mega mara mbili. Wekeni Husky na lint-staged zikague faili zilizoguswa tu, kabla ya komiti, papo hapo kwenye mashine.

Msifuatefuate matoleo mapya pia. Julai 2025 mtunzaji wa `eslint-config-prettier` alitapeliwa kwa barua pepe, na matoleo yenye sumu yaliyolenga Windows yakaingia npm. Aliyeheshimu `package-lock.json` yake hakuguswa.

Ugomvi wa nukuu moja au mbili nao si wa kwetu. Kwenye kibodi ya AZERTY zote mbili hupatikana bila Shift, basi mwachieni Prettier aweke mbili. Ugomvi wa kweli ni miisho ya mistari: Windows ikiibadilisha, faili nzima hulalamikiwa ingawa hakuna aliyeigusa. Mstari mmoja katika `.gitattributes`, `* text=auto eol=lf`, unatosha.

Kwa timu yenye mchanganyiko wa Windows na Linux, ningechukua ESLint na Prettier. Biome ningeiwekea mradi mpya wenye mashine za aina moja. Siku ya kupanga upya msimbo wote iwe Ijumaa jioni, kila mtu akiwa ameshasukuma kazi yake. Mfanye hivyo kwa komiti moja ya peke yake, na namba yake iandikwe katika `.git-blame-ignore-revs`, ili kesho historia isimtaje aliyepanga koma kuwa ndiye aliyeandika mstari wenye kosa.